Kilo Zangu Zilikoenda

Mwanangu, siku yangu ya kwanza kuchuma majani chai na mama mkwe naikumbuka bado. Nilikuwa nimeolewa majuzi huku Boito, mwembamba. Alinitazama kifuani, akasema polepole, "Mtoto akija, atanyonya nini hapo?"

Nisimsingizie ubaya. Aliogopa tu, na mimi nikaogopa zaidi.

Nikaanza kula ninone: mursik, yale maziwa yetu ya kugandishwa, ugali, viazi, hata bila njaa. Wifi yangu Chebet, mwenye mwili, akakubali tule pamoja tuone kama kifua kitakua. Majani yakishapimwa kituoni, tulining'inia kwa ile mizani mmoja mmoja, karani akicheka. Nyumbani tukapimana kifua kwa utepe wa fundi wa nguo, nikaandika kwa daftari.

Miezi mitatu, nikaongeza kilo sita. Kifua kilibaki vile vile. Labda kiliongezeka upana wa kidole kimoja, na huenda nilishika utepe vibaya.

"Wifi, kilo zako zimepotea njia," Chebet akaniambia. "Ziko huku nyuma zinapumzika."

Yeye aliongeza mbili tu, na blauzi ikamkataa kifuani.

Nikakata tamaa. Nilipojifungua, siku ya pili nikampa mtoto chupa, nikiamini mimi sina kitu. Akaizoea, akakataa titi. Muuguzi akanikuta na ile chupa. Hakunigombeza.

"Mama, ukubwa huo mwingi ni mafuta, na kila mwili huyaweka unapotaka. Maziwa si mafuta. Mtoto akinyonya ndiyo yanakuja. Mweke hapo."

Nikamweka mchana kutwa, analia, nalia. Siku ya nne ya kumweka hivyo nikasikia akimeza.

Sikusoma sana, kwa hivyo chukua haya ukiyachunguza. Ukinona, matiti yanaweza kukua. Ukikonda, yanaweza kupungua. Lakini si kwa kila mtu, wala si kwa kiasi kimoja. Usile kwa ajili ya kifua, na usijinyime chakula kwa ajili yake. Usimhukumu mama mwenzako kwa macho. Kuna wengine maziwa hayatoshi kweli, wembamba kwa wanene, na hilo si aibu. Mama kama huyo aombe msaada mapema. Ila titi moja likibadilika peke yake, ama ukigusa uvimbe, usingoje. Enda hospitali.

Mungu akupe amani na mwili wako, na watoto wako washibe mikononi mwako.