Kapasita Iliyomstaafisha Mama

Sijaona kifaa kilichoheshimiwa kama amplifaya ya kanisa letu. Ina kitambaa chake cha kufuma na meza yake, na mvua ikivuja ndani hufunikwa yenyewe kwanza, watoto baadaye. Kanisa liko kijijini kwetu, upande wa Busunzu. Mimi natengeneza redio na spika mjini Kasulu, lakini nikifika kijijini siwi fundi, ni binti wa fulani tu. Fundi ni mwanamume, na akiwa ametoka mkoa mwingine ndiyo bora zaidi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mgeni alikuja. Alikuwa mwalimu wa fizikia aliyepangiwa sekondari ya kata, kijana wa miwani ambaye hakuanza sentensi bila "kitaalamu". Spika zilikuwa zikitoa shaaa, kama mvua juu ya bati, na mahubiri yakapotea humo. Mwalimu akasema kitaalamu hilo ni jambo dogo, linataka kichujio. Akachora mchoro nyuma ya ratiba ya ibada, akaandika na kanuni yake, wazee wakautazama kwa hofu ya Mungu. Kisha akafungua amplifaya na kulehemu kapasita aliyoinyofoa kwenye televisheni mbovu. Shaaa ikaisha. Kanisa likapiga makofi, mwalimu akaondoka na jogoo.

Wiki chache baadaye kamati ya kwaya ikamwita mama yangu. Mama aliimba sauti ya kwanza tangu mimi sijazaliwa. Yeye ndiye huanzisha, wengine wakafuata. Wakamwambia kwenye spika hasikiki tena.

"Mama, umri umefika," mwenyekiti alimwambia. "Kaa na wazee, utusaidie kwa maombi."

Kwetu mtu akionekana hafai kwa lolote hupewa kazi ya maombi. Sare yake akapewa mwingine.

Mama hakubisha. Aliacha kuimba kabisa, hata akipalilia maharage, na hilo ndilo lililonitisha. Ndugu mmoja akanitumia wimbo aliokuwa ameurekodi kwa simu mbele ya spika, siku ya mwisho mama kuimba. Nikausikiliza kibandani kwangu Kasulu. Wanaume walinguruma, na mama alikuwa kwa mbali, kama mtu anayeimba chini ya godoro. Roho iliniuma. Nikanunua asali na tangawizi, nikampelekea kwa basi.

Nilipopata nafasi nikaenda nyumbani. Jumapili nikakaa chini ya spika, mama akiwa benchi la wazee, midomo imefungwa. Msichana wa darasa la saba akasimama kusoma somo, naye akasikika kama yuko chini ya godoro lilelile. Huyo umri wake haujafika popote! Alipofuata mwenyekiti, mwenye sauti ya ng'ombe dume, matangazo yote yakasikika vizuri. Hapo niliacha kusikiliza matangazo.

Kapasita ni mlango unaowapenda wenye haraka. Sauti nyembamba hupita, nzito hukwama. Ukiuweka katikati ya njia ya kwenda spikani, nyembamba ndizo zitakazofika. Ukiuweka pembeni, kuelekea waya wa ardhi, nyembamba zitatorokea huko na spika itabaki na nzito. Ukubwa wa mlango ndio unaoamua nani atoroke. Shaaa ni nyembamba sana, ilitosha mlango mdogo. Mwalimu alitumia alichokikuta kwenye televisheni.

Ibada ilipoisha nikaomba bisibisi. Mwenyekiti akauliza mwalimu atasemaje. Nikafungua. Kapasita ilikuwa kubwa mara kumi ya iliyotakiwa, imekaa pale kati ya waya wa sauti na wa ardhi. Nikaikata kwa koleo, na shaaa ikarudi. Nikafuata waya wa maikrofoni, nikakuta umekatika nusu kwenye plagi, nikaulehemu. Shaaa ikaisha. Dakika kumi, na jogoo sikupewa.

Nikamwita mama kwenye maikrofoni. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akaimba ubeti mmoja, na sauti ikatoka nyembamba na safi hadi waliokwisha fika barabarani wakageuka.

"Mungu amemrudishia sauti!" akasema mwenyekiti.

"Mungu hakuichukua," nikamjibu. "Mliimwaga ardhini nyinyi."

Mwalimu, aliyekuwa amesimama nyuma ya wazee, akasogeza miwani. "Kitaalamu, kanuni ilikuwa sahihi."

Ilikuwa sahihi, nami nilimwambia hivyo. Nilikuwa nimejiandaa kuwasema wote mpaka jioni, na nilikuwa na haki. Lakini mama alikuwa bado ameshika maikrofoni, akiitazama kamati.

"Mazoezi tunafanya bila spika," alisema. "Tunakaa benchi moja, bega kwa bega. Masikio yenu yalikuwa wapi?"

Nami nikatikisa kichwa kwa nguvu kumuunga mkono, nyani haoni kundule, mpaka alipogeuka.

"Na wewe, mwana wanje, mwanangu fundi wa spika," akaniambia. "Wewe uliniletea tangawizi."