Magoti ya Baba Kulwa mbele ya mama mkwe

Jamani, leo mume wangu alijifungia chumbani melini kwa sababu ya magoti yake.

Tupo kwenye meli ndogo ya kutembelea visiwa vya Ziwa Victoria: mimi, Baba Kulwa na mama yangu mzazi.

Kabla hatujaondoka nyumbani Nyahanga, Baba Kulwa alipakia suti. Nikaitoa kimyakimya, nikaweka kaptula mbili. Karatasi ya safari ilisema chakula cha jioni wanaume wavae kawaida tu. Nani anavaa suti ziwani?

Nilichosahau: Msukuma huyu hawezi kukaa meza moja na mama mkwe magoti yakiwa nje!
Na suruali aliyokuja nayo, mchana wimbi limeilowesha chapachapa.

Basi jioni kengele ya chakula imelia, hatoki.
Mama anauliza, "Mkwe wangu anaumwa?"
Mimi namsogezea bakuli la supu.

Mara huyo, Baba Kulwa! Shati, tai niliyosahau kuitoa, na chini kitenge changu kipya kimefungwa hadi kwenye vifundo vya miguu.

"Samahani mama, nimechelewa."
"Bila samahani, baba. Umependeza kuliko siku ya harusi."

Watalii wakaanza kumpiga picha. Na yeye anageuka wamwone vizuri!

Sasa anasema kitenge hakivui mpaka tushuke.

Ndicho pekee nilichobeba cha kuvaa kwenye chakula cha kesho. Begini zimebaki kaptula zake mbili, na mama ameshasema kesho mezani nikae karibu yake.

Nishaurini.