Tata yangu alitibiwa kansa ambayo hakuwa nayo

Wakuu, habari za humu.

Nyuzi nyingi za hospitali nimezipitia hapa bila kusema neno. Leo nimwage yangu. Sitaongeza chumvi, maana jambo lenyewe lilivyo linanitosha kunichanganya mpaka leo.

Mimi shule niliacha mapema. Nikazunguka. Nimebeba magunia ya mchele Mwea, nimeuza mitumba Majengo pale Nyeri, nimechunga farasi za watalii huko Nanyuki. Kila nikiishiwa nilirudi Giakanja kwa Tata, yaani mdogo wa mama yangu. Hakuwahi kuniuliza nitaondoka lini. Alinipa jembe na sahani, basi.

Zilikuwa enzi za simu za mulika mwizi. Mara hiyo nimerudi, nikasikia kuna program inaanza ya kupima akina mama kansa ya mlango wa kizazi. Walitaka mtu wa kutangaza kwa spika na kupanga viti. Kutangaza nilikuwa nimezoea kwenye mitumba, wakanichukua.

Nesi mkuu alikuwa Sister Adhiambo, mama wa kutoka Siaya, mrefu, mcheshi. Nilimsumbua kwa maswali.

Akanieleza kuwa wanapaka siki pale kwenye mlango wa kizazi. Kukiwa na chembe zinazoanza kuharibika, panageuka peupe.

"Siki ile ya chips?"

"Ndugu yake. Lakini usiende kutangaza hivyo."

Akasema ule weupe si kansa. Ni kitu ambacho, ukikiacha miaka mingi, kinaweza kuwa kansa. Wanakigandisha kwa gesi baridi, mama anaenda nyumbani siku hiyo hiyo.

"Kwa hivyo mnatibu kansa kabla haijakuwa kansa?"

"Ndiyo."

"Sasa mtajuaje ingekuwa?"

Akanitazama. "Wewe shule uliacha kwa nini?"

Hakunijibu, na mimi sikumjibu.

Siku ya screening tulitumia ukumbi wa kanisa. Akina mama walikuja wengi, wamevaa nguo za Jumapili. Mpango wa wakubwa ulikuwa huu: ukipatikana sawa unapewa kadi na unatoka kwa mlango wa mbele. Ukipatikana na weupe, unakaa kwenye benchi la kando, chini ya dirisha, usubiri kuelezwa. Mashine ya kugandisha ilikuwa kwenye hospitali ndogo mjini, kwa hivyo hao walipaswa kwenda huko Jumanne.

Sasa wakuu, lile dirisha lilitazama uwanjani, na uwanjani ndiko foleni ilikuwa.

Tata akakaa kwenye lile benchi. Nilimwona nikiwa na spika mkononi. Nikaliacha tangazo katikati.

Kabla ya jua kuzama mtaa wote ulikuwa unajua Tata ana kansa.

Kwetu mgonjwa haachwi. Asubuhi chama chake cha akina mama kilifika na viondo: unga, viazi, thermos ya uji. Mbele alikuwa Mama Kamau, mwenyekiti wao, mwanamke wa nguvu ambaye hata mapumziko yake yalikuwa na kelele. Akapanga nani atakata nepia, yale majani ya ng'ombe, nani atachuna kahawa ya Tata, nani atakamua. Tata akapokonywa ndoo mkononi. Pasta akaja akaomba kwa sauti ya matanga.

Na hapa ndipo akili yangu ilipoanza kupotea.

Tata akalala.

Mwanamke aliyekuwa akibeba mzigo wa nepia unaofunika mtu mzima, sasa analala mchana. Akitoka nje anashika ukuta. Nikakimbia kwa Sister. Akanihakikishia kuwa Tata si mgonjwa, alimweleza vizuri na Tata alielewa.

Nikarudi nikaketi kando ya kitanda chake.

"Tata, unaumwa wapi?"

"Siumwi."

"Sasa umelala kwa nini?"

"Watu wakija wanipate wapi? Juu ya mti?"

Jumanne ikafika, akakataa kwenda mjini. Jumanne nyingine, hivyo hivyo. Nilidhani anaogopa mashine. Siyo. Siku moja aliniambia ukweli, akiangalia mlango kama kuna mtu anasikiza.

"Wameniletea mpaka kuku. Mtu ameletewa kuku hawezi enda hospitali asubuhi, halafu arudi jioni na miguu yake. Watasema nini? Ati nilikuwa nakula vitu zao bure?"

"Kwa hivyo bora ubaki nayo?"

Akajifunika blanketi mpaka kichwani.

Sister Adhiambo hakucheka nilipomsimulia. Alisema haina haraka ya leo wala kesho, lakini wanaosema nitaenda baadaye ndio anaokutana nao miaka ikipita, wakati hakuna la kugandisha tena. Maneno hayo yalinikaa vibaya. Nikamwona Tata akilala kwa uongo mpaka siku atakayolala kwa kweli.

Nikaenda kwa Mama Kamau. Nilimkuta akikamua ng'ombe ya Tata. Nikamwambia Tata hana kansa, ana kitu kidogo kinachotolewa mara moja.

Hakuinua hata kichwa. "Wewe mtu wa kuzunguka. Unakula chakula yake miaka hii yote, na sasa unataka tumwache akufe?"

Likanitoka hili, na sikulipanga: "Basi kama ni mgonjwa, mbona hamjampeleka hospitali?"

Mikono yake ikasimama. Mgonjwa wa chama chao kukaa nyumbani wiki hizo zote bila kusindikizwa! Alijisikia kama nimemtukana.

Jumanne iliyofuata Tata hakuulizwa. Wanawake walimvisha, wakamshika huku na huku. Mmoja alibeba beseni na sabuni, mwingine shuka, wa tatu uji. Walijua atalazwa. Tata alinitazama kwa jicho ambalo sitalisahau. Nikajitia kufunga kamba ya kiatu.

Pale hospitali Sister akamwingiza ndani. Sisi tukakaa kwenye nyasi. Uji ulimiminwa, wakaanza kubishana nani alale na mgonjwa.

Kabla vikombe havijaisha, Tata akatoka. Anatembea.

Mama Kamau akasimama. "Wamekukataa?"

"Wamemaliza."

"Wamemaliza nini?"

Tata akamwangalia Sister. Sister akaomba ruhusa yake, kisha akaeleza polepole, wote wakisikia: weupe, gesi baridi, akae wiki chache bila mambo ya mume, arudi aangaliwe tena.

"Kwa hivyo hana kansa?"

"Hana. Hakuwa nayo."

"Na sisi tumekuwa tukikamua ng'ombe yake ya nini?"

Tata akainamisha kichwa. Kisha yule wa beseni akaanza kucheka, akacheka mpaka akakalia lile beseni. Wengine wakafuata. Mmoja akamwambia Tata, "Mwizi wewe! Kesho unakuja kunichunia kahawa!" Tata akacheka huku machozi yanatiririka. Nilipumua.

Mama Kamau peke yake hakucheka.

Akamvuta Sister kando, lakini sauti yake haijui kando. "Ile siku ya kanisa mimi nilitoroka. Niliona benchi. Nikasema ng'ombe imekata kamba. Niangalie sasa."

Waliingia. Walikaa sana, kuliko Tata.

Alipotoka alikunja shuka, akafunga thermos, akasema twendeni, kuna nepia ya kukatwa. Ni baadaye yeye mwenyewe alitwambia. Sister hakuhitaji hata siki, aliona kansa yenyewe kwa macho. Akamwandikia aende hospitali kubwa Nairobi. Damu ilikuwa imekuja ovyo kwa muda, akadhani ni umri.

Alitibiwa kwa mionzi miezi kadhaa. Alikonda, akapona, na yuko.

Program nayo ikajirekebisha. Wote wakawa wanaketi pamoja, kila mama anaelezwa peke yake ndani, wote wanatoka kwa mlango mmoja. Idadi ya waliokuja ikaongezeka mno.

Sasa mnisaidie, maana mimi bado niko gizani. Mzima ndiye aliyekuwa kitandani. Mgonjwa ndiye aliyekuwa anakata nepia. Na sisi wote tulikuwa na macho.

Nilichojifunza ni kidogo: usingoje maumivu, kwa sababu Mama Kamau hakuumwa, na Tata hakuumwa. Na wanaopanga hizi program wakae kwanza pale atakapokaa mama, waone nani anamwona.

Kama kuna nesi au daktari humu, anieleweshe lile swali ambalo Sister hakunijibu: wanajuaje ule weupe ungekuwa kansa? Na wewe mwenye mama, dada au mke ambaye hajapimwa, usimtumie namba ya kliniki ukadhani umemaliza. Funga safari naye. Ukifika, kaa nje, umsubiri.

Karibuni mchangie.