Kasho ya Bobi

Gratien, shemeji wa Nyirabagenzi, simpendi na sifichi. Ni mtu wa kuingia nyumba za watu na amri mdomoni.

Nyirabagenzi, au Maman Benitha, ni jirani yangu hapa Giheke, mama aliyekulia Bukavu, muuza sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, sokoni. Alipigilia mbao akatengeneza kibanda chenye mlango, akakiweka jikoni ili mbwa wake Bobi alale humo. Gratien akacheka, "Leo umepata kasho, jela yako!" Akamkamata Bobi shingoni, akamsukuma ndani kama mlevi anayetupwa rumande, akafunga. Mbwa alilia na kukwaruza mbao mpaka akajichubua pua. Tangu siku hiyo, akisikia tu neno kasho, alijikojolea.

Nyirabagenzi aliung'oa ule mlango. Akatandika kitenge chake cha zamani, akawa anatupia sambaza humo, kila siku mbali kidogo zaidi. Hakumsukuma. "Kwako, Bobi," ndilo neno pekee alilotumia. Bobi akaanza kula kichwa ndani, mkia nje. Mwishowe akalala humo kwa hiari yake, na mlango ukarudishwa bila kufungwa.

Jumapili Gratien akaja. "Si unaona, kasho imemufundisha!" Akainama, akaingiza mkono kibandani alimolala Bobi. Bobi hakujikojolea. Alitoa meno yote.

"Shika imbwa yako, Maman Benitha!"

Nyirabagenzi hakuinua hata macho kutoka kwenye sambaza zake.

"Mule ni kwake," alisema. "Ulipiga hodi?"