Koti Halivuliwi

Mdogo wangu amefundisha chuoni miaka tisa kama mwalimu wa muda. Muhula ukiisha, anakaa kusubiri kama ataitwa tena. Mtaani wanamwita Profesa, kwa kumtania, naye hucheka tu. Mimi ndiye niliyekuwa nakasirika.

Basi mwaka huu ikatangazwa nafasi moja ya mhadhiri, akaitwa kwenye usaili. Akanijia kibandani na shati la mikono mifupi. "Dada, hili si linatosha?"

"Linatosha kwendea sokoni," nikamwambia. "Mimi fundi cherehani wa miaka yote hii, halafu ndugu yangu akakae mbele ya jopo hivyo? Ng'o!"

Nikamshonea suti ya kijivu, ikamkaa sawasawa. Kila mteja wangu akijaribu nguo namwambia: inua mikono, kaa, inama. Yeye sikumwambia. Ndugu yako unamjua, unampima nusu kwa macho, na hapo ndipo nilipojipalia makaa. Asubuhi ya usaili nikampigia shati pasi kifuani na kwenye kola tu, mgongo nikauacha na mikunjo yake. "Koti halivuliwi," nikamwonya. "Hata uungue!"

Saa saba mchana akarudi, akanisimulia. Kumbe walimtaka afundishe dakika kumi, ubaoni! Alipoinua mkono kuandika, koti likamkaba kwapani, mkono haupiti kifua. Akawa anaandika chini kabisa, kainama kama mtu anayetafuta sindano. Mwenyekiti wa jopo, mama mmoja asiyecheka ovyo, akamuuliza, "Mwalimu, mbona unatuandikia miguuni?"

"Koti linanibana, mama."

"Si ulivue?"

"Dada yangu amenikataza. Shati halijapigwa pasi mgongoni."

Loh! Nikashika kichwa. "Ukasema hivyo? Mbele za watu?"

"Nikasema. Wakacheka, hata yule mama. Nikalivua, nikawageuzia mgongo, nikafundisha."

Yeye anatabasamu, mimi natamani ardhi inimeze. Wiki tatu sikupata usingizi wa maana. Niliona nimemkosesha kazi ndugu yangu kwa uvivu wa dakika tano, na kwa umri wake nafasi nyingine asingeitwa. Kila akipita kibandani nilijifanya natunga uzi ili nisimtazame usoni.

Jana akaja na barua, haijafunguliwa. "Soma wewe, dada. Mimi siwezi."

Nikaichana bahasha. Nikaruka salamu, nikaruka kumbukumbu namba, mpaka nikafika penyewe: umeajiriwa kwa masharti ya kudumu.

Akajibwaga kwenye benchi la wateja, mtu mzima wa miaka arobaini na minne, akalia. Mteja aliyekuwa anasubiri sketi yake akatoka nje taratibu, akatuachia nafasi.

"Rudia hapo mwisho," akaniomba.

Nikalirudia lile neno "kudumu" mara tatu, kwa sauti, na mimi nalia.