Likijaa Ndipo Liondoke

Iko asubuhi moja, mwanangu Keji, ambayo mpaka leo sijaisahau. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Mimi nilikuwa mwanamke kijana, nimerudi kutoka kambi ya wakimbizi Uganda na mume na vyombo vichache, tukajenga hapa Gumbo kwa sababu ng'ambo ya mto, upande wa mji, hatukupata hata pa kusimamisha fito. Kesho unaingia kwenye mkutano wa mabasi mapya, kwenye kiti cha vijana wa Gumbo. Nimesikia jina la mtu atakayeongoza mkutano huo, na usingizi umenikimbia. Ndiyo maana naandika. Shule niliiacha darasa la nne, utanivumilia.

Mimba yangu ya kwanza ilikuwa imefika mwezi wake. Siku hiyo damu ilikuja kabla ya uchungu. Mkunga wetu alipoiona akasema, "Huyu si wa kuzalia hapa. Mpelekeni hospitali, na iwe sasa." Hospitali ilikuwa ng'ambo ya daraja. Mume wangu alikuwa safarini Nimule, mpakani, na malori. Aliyenishika mkono ni jirani yetu Habuba Poni, yaani Bibi Poni, mfupi, muuza karanga, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Kijana wa boda aliitazama nguo yangu akakataa. Alisema mashimo ya ile barabara yataniua mgongoni mwake. Nilimchukia, lakini alisema kweli.

Tukaenda mogif. Ndivyo tunavyoita stendi hapa Juba.

Nikueleze mogif yetu ilivyokuwa, maana nyinyi vijana mnadhani zamu ya magari ni kitu kilichoota chenyewe kama nyasi. Saa ya kuondoka haikuwepo. Gari lilikuwa linaondoka likijaa, basi. Linapakia moja tu, mengine yanangoja zamu nyuma yake, na dereva akichukua mtu nje ya zamu anatolewa upepo matairi. Sasa ndani ya gari kuna joto la tanuri, nani atataka kuwa wa kwanza kuingia? Watu walikaa kwenye kivuli cha vibanda vya chai wakilitazama gari, na gari likiwatazama. Likikaribia kujaa ndipo wanakimbilia. Kwa hiyo wakubwa wa mogif wakatunga ujanja wa kuweka vijana wao ndani, wakae kama abiria. Sisi tuliwaita vijazio. Abiria wa kweli akipanda, kijazio anashuka polepole kama anayekwenda kununua maji. Harudi.

Mimi mgeni sikuyajua hayo. Niliona gari limejaa, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Tukabanwa kiti cha nyuma ya dereva. Kidogo, kijana wa mbele akashuka. Akafuata wa pembeni. Halafu wawili waliokuwa nyuma.

"Habuba, hawa wanakwenda wapi?"

"Wanakwenda kudanganya wengine."

Mwishowe tulibaki sisi wawili na mzee mmoja mwenye kuku. Damu ilikuwa imeshapita kwenye kitenge cha pili.

Mkubwa wa mogif aliitwa Taban. Nalitaja jina lake, silifichi. Alikuwa na miwani ya jua na filimbi shingoni, na hakuna tairi lililozunguka pale bila neno lake. Nikamwita dirishani.

"Mkubwa, tafadhali. Naumwa. Waambie tuondoke."

"Mama, mimi nakuhurumia sana. Lakini hii gari iko na zamu. Ikijaa tu, tunatoka."

"Na ikichelewa kujaa?"

"Basi omba Mungu ijae."

Kijazio mmoja akasema kwa nyuma, "Mwambie mtoto akanyage breki!" Wakacheka. Taban naye alicheka, si kwa ubaya, alicheka kama mtu anayecheka kazini.

Nikaunganisha mikono. Nikamwita baba, nikamwita mheshimiwa, nikamwambia nitamwombea maisha yangu yote. Habuba Poni akanipiga kofi kwenye viganja.

"Shusha mikono! Unamwomba nini huyu? Yeye ndiye aliyetengeneza barabara? Leo atakuhurumia, kesho mwenzako atamkuta ameamka vibaya. Shusha!"

Nililia. Nilitaka kuishi, na yeye ananifundisha adabu. Lakini alikuwa ameshashuka, amesimama katikati ya vumbi, akielekea vibanda vya chai.

"Ya nas, enyi watu! Nyinyi mliokaa kivulini mnangoja gari lijae, litajaa na nini? Na mbuzi?"

"Habuba, mle ndani ni moto," mwanamume mmoja akasema na gilasi yake mkononi.

"Na huyu msichana anayemwaga damu mle ndani, amekaa kwenye friji?"

Mama mmoja wa mboga akasimama. Akasema hata hakuwa anakwenda mjini, anakwenda Nesitu, upande mwingine kabisa, lakini atapanda na atarudi. Akapanda. Yule wa gilasi akaja na gilasi yake, mwenye kibanda akimfuata kwa matusi mpaka mlangoni. Wengine wakafuata. Taban akapiga filimbi, "Polepole, kwa laini! Kwa laini!" kama kwamba yeye ndiye aliyewaita. Gari likajaa watu wa kweli. Likaondoka.

Katikati ya daraja nikasikia mtoto ameacha kucheza. Nilimwambia Habuba sikioni. Akanishika kichwa, akaniambia nitazame mto. Nikautazama mto.

Hospitalini mimi waliniokoa. Mtoto alikuwa msichana, ana nywele nyingi, hakulia. Daktari alisema, "Mngefika mapema kidogo." Kidogo, Keji. Nimeishi na neno hilo kuliko nilivyoishi na mume. Mungu hakunipa mimba nyingine, akanipa wewe, mtoto wa dada yangu, na mimi nimekulea kama wa tumbo langu.

Lakini ninachotaka ukijue ni kilichofuata, kwa sababu ndicho utakachokutana nacho kesho. Kwenye matanga Taban alikuja na mfuko wa sukari. Wazee wakampa mkeka wa mbele. Nilikuwa nimelala nyuma ya pazia nikawasikia: "Kama si Taban kuruhusu lile gari, tungempoteza na mama mtu." Walimshukuru! Nilitaka kuinuka niwaambie ilivyokuwa, sikuinuka.

Baada ya matanga Habuba Poni alinipeleka mjini pamoja na wazee wawili, ofisini kwa Bwana Modi, aliyekuwa akisimamia magari ya abiria wakati huo. Huyo naye namtaja. Alitupa soda. Alinipa pole vizuri. Habuba akamwambia tunataka gari la Gumbo liwe na saa ya kuondoka, lijae lisijae. Modi akasema watu wa Gumbo ni wachache, magari yatapata hasara. "Lakini nitafanya kitu. Nitamwambia Taban, mgonjwa akifika, gari liondoke. Taban ni mtu mwenye huruma."

Wazee wakapiga makofi.

"Na Taban akiwa hayupo?" Habuba akauliza.

"Habuba, Taban yupo siku zote."

Hakuwepo siku zote. Mvua zilizofuata, mzee wa kanisa letu alilazwa kwenye benchi la mogif, kifua kimembana, gari liko pale na dereva yuko pale, na vijana wakawa wanazunguka mji mzima kumtafuta Taban atoe ruhusa. Walimkuta mtaa wa Hai Jalaba kwenye arusi. Waliporudi naye, mzee alikuwa ameshafunikwa shuka. Taban alisikitika sana. Yeye husikitika vizuri.

Sasa Modi huyo huyo ndiye mwenyekiti wa mkutano wako. Umenionyesha ile ramani: mabasi mapya yanatoka mjini yanaishia darajani, na sisi wa Gumbo na wenzetu wa Nesitu tutachukuliwa na magari ya mogif. Mogif ya nani? Ya wana wa Taban. Yaani likijaa ndipo liondoke, tena.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Modi atasema sisi ni wachache. Mwulize amewahesabia wapi, maana waliokata tamaa wakatembea kwa miguu hawapo kwenye gari lake. Atasema basi haliwezi kwenda na viti vitupu. Mwambie kiti kitupu si hasara, ni nafasi ya mtu ambaye bado yuko njiani anavuja damu. Basi livuke daraja. Liondoke kwa saa, na saa hiyo ibandikwe mahali ambapo hata mimi wa darasa la nne nitaisoma. Ngazi yake iwe chini, mjamzito na mwenye magongo wapande bila kubebwa kama gunia. Na uulize nani atalitengeneza likiharibika, kwa vipuri gani, kwa sababu basi la kupigia picha tu tumeshaona likiota majani. Usiwafukuze madereva wa mogif, wana watoto. Wapewe kazi, ila wasiachiwe saa mkononi.

Mwisho atakuambia kwa upole kwamba anawajua watu wako, na tukipata shida tumpigie yeye simu. Hapo uwe mkali. Usishukuru. Shusha mikono. Huruma ya mtu mmoja hulala, husafiri, huenda arusini. Kataa kutoka mle mpaka wakuandikie saa.

Mungu aliyenitoa hai ndani ya gari lile akae kando yako kesho. Akupe sauti ya Habuba Poni, akuondolee woga wangu. Wanaokaa kivulini wainuke ukiwaita. Na siku yako wewe ya kujifungua ikija, mwanangu, Mungu akujalie ufike mapema.