Maharage ya Siku ya Kufunga

Jirani yetu hapa Minto, ughaibuni, ni Mhindu mzaliwa wa Mwanza, na Kiswahili chake kinatutia aibu nyumba nzima. Sisi tumetoka Uvira, tunaongea tunavyojisikia. Yeye anatusahihisha huku akitupitishia chapati juu ya uzio. Mama anamwita dada. Mimi namwita anti, isipokuwa akininyima achari.

Mumewe alikuwa akiishi gerejini, chumba chao cha gari, mlango ukitazamana na dirisha la jiko letu. Alihamia huko na godoro, televisheni na kiburi chake, baada ya kumwambia anti kwamba amechoka kuwa na mke. Anti akasema sawa, mwaka ukiisha naenda kortini. Sheria ya huku inataka muwe mmetengana mwaka mzima ndipo mpewe talaka. Mnaweza kutengana mkiwa kiwanja kimoja, ila mtu wa nje athibitishe.

Mzee huyo aliposikia habari za talaka na matunzo, mapenzi yakamrudia ghafla. Akatangaza hekaluni kwamba hawajatengana kabisa, yuko gerejini kwa sababu anakoroma. Anakoroma kweli, hilo siwezi kumnyima. Lakini angeaminiwa, anti angebaki mke wa mtu wa gerejini, bila talaka wala matunzo, yeye aliyempikia maisha yote na hajawahi kuajiriwa popote.

Mtu wa nje alikuwa mama yangu.

Tukaenda Campbelltown kwa wakili wa msaada wa bure. Mkalimani wa kweli angekuja siku ya kiapo. Siku hii ya kwanza walikuwa na mimi, Mungu awasaidie. Anti alitangulia kuuliza kama ndoa ya kuzunguka moto Mwanza inahesabika huku. Wakili akasema iliyo halali kule ni halali na huku.

"Na moshi wote ule," anti akaninong'oneza, "isingehesabika ningewashitaki."

Kisha wakili akamgeukia mama: je, huyu bado anamhudumia mumewe?

Mama akakaa wima. Kwetu, ukiulizwa habari za mke wa mtu mbele ya serikali, unamsafisha. "Mwambie huyu ni mke muzuri sana. Hajawahi kumwacha mumewe alale njaa. Anampikia kila siku. Hata mashati anamfulia."

Anti akafumba macho.

"Mama," nikasema, "unamtetea nani?"

"Dada yangu. Unataka waseme ni mvivu?"

"Wakisema ni mvivu ndiyo tunashinda."

"Tafsiri, wacha mdomo."

Nikatafsiri yote, maana wakili alikuwa na macho ya mwalimu wangu wa hesabu. Kalamu yake ikapunguza mwendo. Akamuuliza anti kwa nini anamlisha.

"Ana sukari. Akianguka gerejini nani atamwinua? Mimi nina mgongo."

Wakili akasema chakula peke yake hakivunji kesi, ila anataka kujua kama walikuwa wanaishi bado kama mke na mume. Nilipomweleza mama, aliitazama mikono ya anti.

"Kuna ile siku yao ya kufunga," akasema polepole. "Mke anafunga tangu alfajiri mpaka mwezi utoke, anamwombea mumewe maisha marefu. Miaka yote dada anafunga, hata maji hagusi. Mwaka jana siku hiyo, mumewe ameshahamia gerejini, alikuja kwangu mchana, akaniambia nipakulie. Nikamuuliza, dada, leo si ile siku? Akasema, nipakulie. Akala ugali na maharage, akaongeza. Mimi ni mtu wa kufunga na kuomba. Mke akila siku ile, amemaliza."

Nilitafsiri mpaka mwisho. Wakili alikuwa anaandika tena, mbio. Anti alikuwa analia na kucheka pamoja.

"Maharage yenyewe hayakuiva," akamwambia mama.

"Na uliongeza."

Mama aliyarudia maneno hayo kwenye kiapo, na talaka ikatoka. Matunzo yalifuata baada ya mvutano mwingine ambao sikualikwa, nadhani kwa sababu ya mdomo. Mzee alihamia Penrith kwa mdogo wake, akakoromee huko.

Mwaka huu siku ile ilipofika, mama aliinjika maharage tangu asubuhi na kuyachungulia kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Mchana anti akaja, ameshika bakuli lake mwenyewe, kubwa.